Joto la Tangi la Samaki: Cha Kujitengenezea na Cha Kununua

Vitabu vingi vya ufugaji wa samaki wa mapambo vimeandikwa Ujerumani, Uingereza na Marekani, kwa watu ambao nje ya nyumba zao huanguka theluji na ndani kuna mitambo ya kupasha vyumba joto. Ushauri wao kuhusu hita ni ule ule: nunua wati moja kwa kila lita ya maji, weka nyuzi 25 za Selsiasi, basi. Upeleke ushauri huo Mikocheni mwezi wa Februari: hita haitawaka hata mara moja, na samaki watakuwa juu ya maji wakitweta. Upeleke Limuru mwezi wa Julai: utafaa, ila bili ya umeme itakufanya ujiulize kama unafuga samaki au unasomesha mtoto bweni.

Ndiyo maana mfugaji wa huku kwetu hujibunia njia zake. Utaona feni ya kompyuta imefungwa kwa waya juu ya tangi, chupa ya barafu inaelea kati ya majani, kidhibiti joto cha Kariakoo au cha Luthuli Avenue kimepachikwa ndani ya kopo la plastiki, na wakati mwingine mambo ya hatari yasiyofaa kuigwa. Nitayapima moja moja, lakini msimamo wangu niuseme mapema. Sehemu kubwa ya kazi ya kutunza joto haifanywi na kifaa cha umeme. Inafanywa na wingi wa maji, kifuniko, ukuta, dirisha na aina ya samaki uliyemchagua, na hayo yote mtu anaweza kuyapanga kwa mikono yake. Umeme unabakiwa na kazi ndogo, na katika kazi hiyo ndogo kuna kitu kimoja kisichofaa kabisa kutengenezewa nyumbani: hita yenyewe.

Tuanze na samaki. Samaki wa tangini hana joto lake mwenyewe. Maji yakiwa nyuzi 20, na yeye ni nyuzi 20. Kwa makadirio ya jumla, maji yakipanda nyuzi 10, shughuli za mwili wake, kupumua na kusaga chakula, huongezeka kama mara mbili. Balaa ni kwamba oksijeni iliyoyeyuka majini huenda kinyume. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 hushika miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hushika 7.6 tu. Yaani hewa hupungua wakati ule ule anapoihitaji zaidi. Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 ambako kanieneo ya hewa ni ndogo, maji ya nyuzi 25 hayafikishi miligramu 7.

Kuna na amonia. Ile inayotoka mwilini mwa samaki huwa na sura mbili majini, moja ikiwa sumu kali na nyingine ikiwa na madhara madogo, na joto likipanda sehemu ya sumu huongezeka. Wanaofuga sikilidi wa Ziwa Tanganyika ndio wa kujihadhari zaidi, kwa sababu samaki hao hupenda maji ya pH inayokaribia 9. Katika pH hiyo, kwenye nyuzi 25, zaidi ya theluthi moja ya amonia yote ni ile ya sumu. Kwenye nyuzi 30 inakaribia nusu. Kwa hiyo samaki tunaosema wamekufa kwa joto mara nyingi wameuawa na mambo mawili yaliyokutana, uhaba wa oksijeni na uchafu wao wenyewe. Siku ya joto kali, punguza chakula na ongeza mapovu ya pampu ya hewa kabla ya kukimbilia barafu.

Lakini tusiwe waoga kupita kiasi. Wapo wanaohangaika kutafuta kifaa kitakachoshika nyuzi 25.0 bila kutetereka, ilhali uso wa Ziwa Tanganyika wenyewe hupanda na kushuka kati ya nyuzi 24 hivi na 28 hivi kwa mwaka. Tofauti ni kwamba ziwa huchukua miezi kufanya hivyo. Kinachomuumiza samaki ni kasi: kushuka nyuzi nne kati ya magharibi na alfajiri humdhoofisha, na ugonjwa wa madoa meupe hupenda sana samaki aliyedhoofika namna hiyo.

Hapo ndipo wingi wa maji unapoingia, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo inayoamua kila kitu kitakachofuata. Lita moja ya maji inahitaji wati-saa 1.16 ili ipande nyuzi moja. Chukua tangi la kawaida la sebuleni, urefu sentimita 80, upana 35, kimo 40. Hilo ni lita 112, na kulipandisha nyuzi moja ni wati-saa 130. Kwa upande wa hasara, vioo vya tangi hilo likiwa limefunikwa hupoteza takriban wati 9 kwa kila nyuzi ambayo maji yameizidi hewa ya chumba. Chumba cha Mbeya kikiwa na nyuzi 18 na ukitaka maji yawe 25, tofauti ni nyuzi saba, hasara ni wati 63. Kwa siku ni uniti moja na nusu. Kwa mwezi ni 45. Mteja wa TANESCO aliye kwenye kundi la D1, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, atakuwa amewapa samaki zaidi ya nusu ya umeme wake.

Sasa chukua ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungwa kwenye maboksi ya friji na televisheni, yenye unene wa sentimita mbili na nusu. Ikate kwa kisu kikali, bandika nyuma ya tangi na pande mbili za ubavuni, tandika nyingine chini, uache kioo cha mbele tu. Hasara inashuka hadi karibu nusu, wati 33 hivi, uniti 24 kwa mwezi. Kitu hicho mara nyingi hutupwa jalalani nyuma ya maduka, hakina waya, hakiharibiki, na kinafanya kazi hata umeme ukikatika. Sijui kwa nini wafugaji wengi hutumia fedha kwenye vidhibiti vya dijitali kabla ya kufanya hili. Labda kwa sababu plastiki nyeupe haipendezi machoni. Ipake rangi nyeusi ya maji upande unaogusa kioo, utaona rangi za samaki zinavyokoza.

Umeme ukikatika kwa saa sita usiku, tangi letu la lita 112 lisilo na plastiki hiyo litapoteza nyuzi mbili na nusu hivi. Likiwa limevikwa, litapoteza moja na robo au moja na nusu. Kitangi cha lita 20 kilichoachwa wazi ubavuni, kile ambacho wanaoanza hununuliwa kama zawadi, kitapoteza zaidi ya tatu na nusu. Watu huanza na kidogo wakidhani ni rahisi kukitunza, kumbe ndicho kigumu kuliko vyote.

Jambo hili lilijulikana kabla ya themostati kuwa kitu cha kawaida nyumbani. William Alford Lloyd, Mwingereza aliyesanifu akwariamu ya Crystal Palace jijini London iliyofunguliwa mwaka 1871, aliweka hifadhi kubwa ya maji chini ya sakafu, gizani, kubwa mara kadhaa kuliko matangi ya maonyesho, na maji yakawa yanazungushwa kati ya hifadhi na matangi. Joto la kiangazi lilikuta maji mengi mno ya kupasha. Mwenye nyumba anaweza kuiga kwa pipa lililo kwenye kabati chini ya tangi na pampu ndogo ya kurudisha maji juu, mradi mafundi wake wa bomba ni waaminifu na ameacha nafasi kwenye pipa ya kupokea maji yatakayoshuka umeme ukikatika. Asipoiacha, atapiga deki usiku.

Turudi kwenye hita. Kosa la kwanza la wanaojitengenezea ni kutumia hita ya koili ya kuchemshia maji ya kuoga. Kifaa cha wati 1,000 ndani ya lita 112 hupandisha maji zaidi ya nyuzi saba kwa saa. Ukisahau kwa saa mbili una supu. Tena si kila koili iliyofunikwa vizuri, na umeme ukivuja majini, mkono utakaoingia kumlisha samaki ndio utakaoupokea. Wapo pia wanaojaribu kufunga nyuzi za pasi ndani ya mrija wa kioo na kuuziba kwa silikoni. Silikoni hiyo hupashwa na kupoa mara maelfu, siku moja hufunguka. Hita ya kioo ya dukani imetengenezwa kwa kazi hii, na ndiyo sehemu pekee ambapo nasema bila kusita: nunua.

Ila usiiamini. Hita za bei nafuu huwa na themostati ya vipande viwili vya metali vilivyoshikana, na ugonjwa wake mkubwa ni pale ncha zinapogusana kuungua na kugandana. Ikigandia imewaka, haizimi tena. Kinga ya kwanza ni kutonunua wati nyingi. Katika mfano wetu wa Mbeya, tangi lililovikwa plastiki linahitaji wati 33. Hita ya wati 50 inatosha na kubaki. Ikigandia, kwa wati hizo 50 itapandisha maji nyuzi 11 hivi juu ya chumba, na kwa kuwa itachukua zaidi ya siku nzima kufika huko, utaigundua ukiwa macho. Ile ya wati 200 iliyopendekezwa na muuzaji "ili upate joto haraka" ingepika kila kitu kabla hujarudi kazini.

Kinga ya pili ndiyo kazi nzuri kuliko zote ambazo mtu mwenye bisibisi anaweza kuifanya: kuunganisha kidhibiti cha nje kwenye mstari mmoja na hita. Kinachopatikana kwa wingi ni STC-1000, kisanduku chenye tarakimu nyekundu, kihisi cha waya na rilei mbili, moja ya kupasha na nyingine ya kupoza. Mipangilio yake ni minne tu. F1 ni joto unalolitaka, F2 ni tofauti inayoruhusiwa kabla ya kuwasha, F3 ni dakika za kusubiri kwa ajili ya kompresa ya friji, F4 ni ya kurekebisha kihisi kinachodanganya. Weka F1 nyuzi 25, kisha geuza kitufe cha hita yenyewe kiwe 26 na nusu. Kidhibiti kikigandia, hita itajizima kwa 26 na nusu. Hita ikigandia, kidhibiti kitaikata kwa 25. Ili samaki wafe, vifaa viwili lazima viharibike pamoja.

Mafundi wengi hukwama sehemu moja. Tundu namba 1 na 2 hupokea umeme wa kukiendesha kidhibiti, 3 na 4 ni za kihisi, 5 na 6 ni za kupasha, 7 na 8 ni za kupoza. Tundu za 5 hadi 8 hazitoi umeme wenyewe. Ni swichi tu. Lazima uchukue waya wa moto, uuingize tundu la 5 na la 7, kisha kutoka la 6 na la 8 ndipo uende kwenye soketi za hita na feni. Mtu asiyejua hili hukiona kidhibiti kinabofya bila hita kuwaka, akadhani ameuziwa kibovu. Kazi yote ifungwe ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko, mbali na matone, na kama hujawahi kufunga soketi, mpe fundi umeme mwenye leseni. Waya za vifaa vyote zishuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili maji yanayotambaa juu ya waya yadondokee sakafuni. Na kwenye nyumba yenye tangi, swichi ya usalama inayokata umeme mkondo ukivuja miliampia 30 si anasa.

Kihisi kifungwe imara. Kikichomoka majini na kuning'inia hewani, kitasoma nyuzi 18 za chumba na kuamuru hita iwake usiku kucha, na hapo ndipo ile themostati ya hita inapolipa gharama yake. Kukipima, saga barafu, changanya na maji kidogo kwenye kikombe, tumbukiza kihisi, koroga. Kinapaswa kusoma sifuri. Usitumie maji yanayochemka kama kipimo cha nyuzi 100 ukiwa nyanda za juu: Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi.

Vijana wa vyuo watauliza kuhusu Arduino na kihisi cha DS18B20. Ni mchezo mzuri, na kihisi hicho kikiwa halisi hakikosei zaidi ya nusu nyuzi, ingawa sokoni bandia ni nyingi. Kwa kurekodi joto usiku na mchana hakuna kinachokishinda. Kwa kuamuru hita, mimi bado nakipa nafasi ya pili: programu ikiganda wakati rilei imewaka, inabaki imewaka. Anayeijua kazi yake ataweka kipima muda cha kuiwasha upya programu iliyokwama. Anayejifunza ajifunzie kwenye tangi lisilo na samaki.

Kuhusu mgao na umeme kukatika, mengi yameshajibiwa na ile plastiki. Cha kuongeza ni chupa ya lita moja na nusu ya maji ya moto, nyuzi 80 hivi, imefungwa vizuri na kuachwa ielee: hupandisha lita 100 kwa karibu nyuzi moja. Usithubutu kuingiza jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ili kupasha tangi. Moshi usioonekana wa mkaa huua watu wa nyumba kabla ya samaki kuhisi tofauti. Na kumbuka kwamba katika saa nyingi za giza kinachokosekana kwanza ni hewa, si joto. Pampu ndogo ya betri ina thamani kuliko hita ya akiba.

Sasa tushuke pwani, ambako tatizo ni kinyume na ambako vitabu vya Ulaya havina la kusema. Dar es Salaam na Mombasa, kati ya Desemba na Machi, sebule inaweza kuwa na nyuzi 30 hadi 32, na maji ya tangi yakawa hapo hapo au zaidi. Nasema zaidi kwa sababu umeme wote unaoingia pampu iliyozamishwa majini huishia kuwa joto majini. Pampu ya wati 20 pekee hulipandisha tangi letu nyuzi mbili. Mbeya hiyo ni zawadi. Dar ni adhabu. Kwa hiyo hatua ya kwanza pwani ni kupunguza: pampu ndogo, taa ya LED iliyoinuliwa juu ya maji, tangi liondoke kwenye dirisha la magharibi.

Hatua ya pili ni mvuke, ile hila ya mtungi wa maji ya kunywa uliowekwa barazani. Kila lita ya maji inayogeuka mvuke huondoka na joto la wati-saa 675 hivi. Tangi likipoteza lita moja kwa siku, ni sawa na kupozwa kwa wati 28 bila kukoma, na hiyo hulishusha nyuzi tatu chini ya chumba. Feni ya kompyuta ya volti 12, inayokula wati mbili au tatu, ikipuliza kwa kuchapa juu ya uso wa maji, inaweza kufanya kazi hiyo. Iunganishe kwenye tundu la kupoza la STC-1000 kupitia adapta yake, iwake maji yakifika 28, izime yakishuka 27.

Mpaka wa njia hii ni unyevu wa hewa. Hewa ya Dar yenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70 haiwezi kupoza maji chini ya nyuzi 27 hivi, hata uweke feni kumi. Hewa ya Dodoma yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 35 ingeweza kuyafikisha karibu 19, kwa hiyo huko feni isiyo na kidhibiti inaweza hata kuwaumiza samaki. Pwani, acha dirisha wazi. Ukifunga chumba, mvuke unajaa na feni inazunguka bure.

Feni inataka tangi liwe wazi, na samaki huruka. Wengi hufunika kwa kipande cha chandarua. Tafadhali usitumie chandarua chenye dawa: dawa hizo za jamii ya pairethroidi ni sumu kali kwa samaki, hata kiasi kidogo kikidondokea majini. Tumia wavu wa dirishani usio na dawa. Jambo lingine ni maji ya kujazia. Mvuke huondoka peke yake, chumvi hubaki. Ukijazia kila siku kwa maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za Dar yana chumvi, baada ya miezi michache utakuwa na maji ya bahari nusu. Jazia kwa maji ya mvua yaliyokingwa safi, na uendelee kubadilisha sehemu ya maji kama kawaida.

Barafu ni ya dharura tu. Chupa ya lita moja na nusu iliyogandishwa hupoza lita 100 kwa nyuzi moja na nusu hivi, kisha joto linarudi jioni, na samaki wamepandishwa na kushushwa siku nzima.

Kuhusu vile vibamba vya Peltier, TEC1-12706 na ndugu zake, ambavyo video za mafundi huvisifu sana, hukumu yangu ni fupi: achana navyo. Kibamba kimoja hula wati 50 hadi 60, kikibahatika huondoa wati 20 au 30 majini, na upande wake wa pili lazima upozwe kwa feni nyingine. Unapata kile kile ambacho feni ya wati mbili ingekupa. Kuzungusha mpira wa plastiki ndani ya friji nako hakufai, kwa sababu plastiki hupitisha joto vibaya mno; na ukiweka bomba la shaba badala yake, shaba inayoyeyuka majini huua kamba na konokono kwanza, samaki baadaye.

Kumbe njia nafuu kuliko zote ni kuchagua samaki anayeipenda nyumba yako. Nairobi, Arusha na Iringa, samaki wa dhahabu huishi vizuri bila hita yoyote katika nyuzi 18 hadi 22. Vivyo hivyo Tanichthys albonubes, samaki mdogo wa milima ya China. Pwani, beta na gapi huvumilia nyuzi 28, na disikasi, ambaye Ulaya humfilisi mfugaji kwa umeme, hapa hupata joto lake bure. Hata Unguja kuna Nothobranchius guentheri, samaki mwenye rangi kama kanga mpya, anayeishi kwenye madimbwi ya msimu ambayo joto lake hupanda na kushuka kila siku.

Basi kabla ya kwenda dukani, nunua kipimajoto cha glasi tu, weka chombo cha maji mahali ambapo tangi litakaa, na uandike daftarini joto lake saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri, wiki moja ya msimu wa baridi na wiki moja ya msimu wa joto. Mpe muuza samaki namba hizo, umuulize ni samaki gani wanaoishi humo. Asipojua kujibu, nenda duka lingine.